Je, wajua? Gavana wa Marekani anahama chama na kiti anabaki nacho

Huku Tanzania mbunge akihama chama tu ubunge umekwisha hapo hapo, ndo maana wale wabunge wa upinzani waliohamia CCM wakisema wanaenda "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli ilibidi waachie kiti kwanza halafu warudi kuomba kura upya. Marekani sasa, gavana analala Democrat anaamka Republican na ofisi ni ile ile. Inawezekanaje?

Mcheki Jim Justice wa West Virginia, tajiri wa makaa ya mawe na mwenye hoteli ya Greenbrier. Alikuwa Republican, 2015 akajiandikisha Democrat ili agombee ugavana, 2016 akashinda. Aprili 2017 bunge la jimbo, ambalo lilikuwa mikononi mwa Republican, likampelekea bajeti akagoma kusaini, na hakugoma kimya kimya, aliita waandishi wa habari akafunua sinia mbele yao, ndani mavi ya ng'ombe, ya kweli kabisa, yamekaa juu ya makaratasi ya ile bajeti. Haya, tarehe 3 Agosti mwaka huo huo akapanda jukwaani na Trump mjini Huntington akatangaza anarudi Republican. Kwa wale wale wa sinia!

Na hakuna wa kumnyang'anya kiti, maana kule kuwa mwanachama ni kuchagua tu chama unapojiandikisha kupiga kura, na sheria inahesabu kwamba wananchi wamemchagua mtu. Makao makuu hayana kikao cha kukata jina lako, mgombea wa chama anapatikana kwa kura za mchujo za wananchi wenyewe. Bunge la jimbo linaweza kumshtaki gavana na kumng'oa, lakini kwa makosa, na kuhama chama sio kosa.

Yeye alisema akiwa Democrat hawezi tena kuwasaidia watu wake. Sawa, ila mimi naangalia namba: 2016, siku moja, karatasi moja ya kura, Trump alipata kama asilimia 68 pale West Virginia na Justice 49. Yaani kuna watu kibao walimpa Trump urais halafu wakashuka chini wakampa Justice ugavana. Zamani jimbo hilo lilikuwa ngome ya Democrat kwa sababu ya vyama vya wafanyakazi wa migodini, baadaye wengi wakaanza kukiona chama hicho ni adui wa makaa ya mawe, na 2014 kikapoteza bunge la jimbo baada ya miaka zaidi ya 80. Wapiga kura walishahama siku nyingi, mzee kawafuata tu.

Na ililipa. 2020 akagombea kwa tiketi ya Republican akapata zaidi ya asilimia 63, Novemba 2024 akashinda useneta. Kiti chenyewe kilikuwa cha Joe Manchin, gavana mwingine wa zamani wa hapo hapo, ambaye naye Mei 2024 alishajitoa Democrat akawa hana chama.