Anaringa, au beseni ndilo linalomtembeza? Dhana potofu kuhusu mwendo na hulka

Dhana: Mwendo wa mtu ndiyo hulka yake.

Mwaloni Kibirizi, Kigoma, mama anapanda kutoka ufukweni na beseni la migebuka kichwani. Shingo imenyooka, macho mbele, hatua fupi, nyonga zinacheza. Asiyemjua atasema anaringa. Kumbe mzigo ndio unaomtembeza. Beseni likiegemea upande kidogo tu, ngata inahama na maji ya samaki yanamwagikia shingoni. Kwa hiyo kichwa lazima kitulie, na kazi yote ya kusawazisha inabaki kwa nyonga na magoti. Ndala nazo zina lao: vidole hujikunja kuzishika zisichopoke, hatua ikafupika, kisigino kikaburuza.

Kabla ya kusoma hulka kwenye mwendo, toa kwanza mzigo, viatu, mlima, maumivu na umri. Kinachobaki ni kidogo, ila kipo. Mwaka 1973 mtafiti wa Sweden, Gunnar Johansson, alionyesha kwamba nukta chache za mwanga kwenye viungo, gizani, zinatosha mtazamaji kutambua mtu anayetembea. Mwaka 1977 watafiti wengine waliona kuwa watu huweza hata kumtambua rafiki kwa nukta hizo, ingawa hukosea mara nyingi. Kwa wazee waliopimwa, wachangamfu na wenye nidhamu huelekea kutembea haraka kidogo, na wenye wasiwasi mwingi polepole kidogo. Hiyo "kidogo" ndiyo husahaulika.

Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2012 ulipata jambo zito zaidi: watazamaji walikubaliana sana kuhusu hulka ya mtu kwa kuangalia mwendo wake, lakini hukumu zao hazikulingana na hulka yenyewe ilivyopimwa kwa dodoso. Mtaa mzima unaweza kukosea kwa sauti moja.

Dhana: Asiyekutazama machoni anaficha jambo.

Tabora, kijana anayemwamkia mzee "mwangaluka" huinama kidogo na kushusha macho. Ni adabu. Macho si kipimo cha kuaminika cha uongo, hata kwa wasiolelewa hivyo.

Dhana: Ukisimama kifua mbele dakika mbili, homoni zako hubadilika.

Utafiti wa mwaka 2010 wenye watu 42 ulidai hivyo. Mwaka 2015 ulirudiwa kwa watu 200. Homoni hazikubadilika, ingawa watu walisema walijihisi wana nguvu zaidi. Kabla ya usaili jinyooshe ukipenda, lakini usiitegemee kama dawa.

Dhana: Mjuzi huangalia mara moja tu akajua.

Mwaka 2017 zilichapishwa takwimu za hulka za sokwe 128 wa Hifadhi ya Gombe, Kigoma, kwa vipengele 24. Waliowapima ni wasaidizi wa utafiti Watanzania waliokuwa wamewafuata sokwe hao msituni kwa miaka. Hata hivyo makadirio yao yalilinganishwa mmoja kwa mwingine, na hayakufanana yote.

Dhana: Aliyepunguza mwendo amekuwa mvivu au amenuna.

Hii ndiyo inayoumiza watu. Sonona hupunguza mwendo, huinamisha mgongo na kufanya mikono isibembee. Ugonjwa wa Parkinson, unaoathiri ubongo na kuvuruga mwendo wa mwili, mara nyingi huanzia upande mmoja: mkono mmoja unagoma kubembea, hatua zinafupika, mguu unaburuzwa. Mgonjwa anasemwa ana kiburi au hataki kazi, na miezi inapita bila matibabu. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana, usimlinganishe na jirani.

Kwa mzee, pima. Weka alama mbili zenye umbali wa mita 4 kwenye sakafu tambarare. Aanze mita 1 kabla ya alama ya kwanza na apitilize mita 1 baada ya ya pili, ili kuanza na kusimama kusiharibu hesabu. Anza saa mguu unapovuka alama ya kwanza, zima unapovuka ya pili. Akizidi sekunde 5, yaani chini ya mita 0.8 kwa sekunde, apelekwe akachunguzwe. Kipimo huharibika akivaa ndala, akibana kanga kwa mkono, au ukimwambia "tembea vizuri", maana hapo atajikaza kukupendeza. Mwambie atembee kama anavyokwenda dukani, pima mara mbili, na uandike tarehe.