Eneo la mkato: shaba ya kuunganisha betri za gari la umeme iwe nene kiasi gani?

Kata ukanda wa shaba kwa msumeno, kisha utazame ule uso uliokatwa. Uso huo ndio eneo la mkato: upana mara unene. Ukanda wenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3 una milimita 60 za mraba, na umeme wote wa gari hupita hapo.

Ukipeleka kazi hii kwa mafundi wa Kariobangi Light Industries, Nairobi, fundi huenda akaanza na swali, "Ni ya volti ngapi, bosi?" Volti zinakuhusu kwa usalama wako, na pakiti (betri zote zikiwa zimeunganishwa) ya volti 96 inaweza kuua, kwa hiyo funga spana kwa tepu. Lakini unene wa shaba huamuliwa na ampea, yaani kiasi cha mkondo wa umeme unaopita. Mota inayovuta kilowati 20 kwa volti 96 huvuta takriban ampea 208. Tumia ampea za kupanda mlima mrefu wa kuelekea Limuru, si zile za sekunde tano za kuondoka kwenye taa, maana shaba huchukua muda kupata moto.

Joto huenda kwa mraba wa ampea: mkondo ukizidi maradufu, joto huwa mara nne. Kipande chetu cha milimita 60 za mraba, chenye urefu wa sentimita 10, kikipitisha ampea 208 hutoa joto la wati 1.2 hivi. Ukipunguza unene nusu, joto linakuwa maradufu.

Wati 1.2 ni kidogo sana. Betri 30 za volti 3.2 zikifuatana zinahitaji vipande 29, na vyote kwa pamoja hutoa wati 36. Sasa chukua kiungo kimoja kibovu, pale shaba inapokutana na betri, chenye ukinzani (kizuizi cha mkondo) wa miliomu 1 tu, yaani sehemu moja ya elfu ya omu. Chenyewe hutoa wati 43, joto la pasi ya kulehemu, juu kabisa ya betri yako! Ndiyo maana nawasihi wanaonunua shaba nene wasiishie hapo. Sugua nyuso zote mbili kwa msasa mpaka zing'ae, na shaba iguse betri moja kwa moja. Washa, kile kiduara cha chuma kinachovaliwa na bolti, hukaa juu ya shaba, chini ya nati. Na kwa barabara zetu zenye mashimo, tumia vipande vya shaba vinavyopinda, visije vikang'oa ncha za betri.

Mimi hupima kila kiungo kwa mita ya volti, pakiti ikitoa ampea 100 kwa mzigo wa majaribio, gari likiwa limesimama. Vingi vilisoma karibu milivolti 4, dalili ya ukinzani mdogo. Kimoja kikasoma 90. Nilipokifungua nilikuta washa ya chuma yenye kutu imelala kati ya shaba na betri. Nikaisogeza juu, nikasugua, nikakaza. Kikasoma 4.