Bei ya bunduki onlaini sio bei ya Kariakoo, nimechoka kuelezea

Jumamosi iliyopita kaingia mdogo wetu mmoja dukani, Mswahili mwenzangu, na kabla hajafungua mdomo nikajua, maana simu ameishika imenielekea mimi. Skrinshoti. Bastola ya 9mm, dola 499. Ya kwetu ipo kwenye kabati la kioo, kikaratasi kimeandikwa 539. "Braza, huku wanauza 499, nifanyie 480 tumalize." Mi niko kaunta ya duka dogo la bunduki hapa Texas, upande wa Dallas, na hiyo sentensi naisikia kila wiki, kwa Waswahili, kwa Wameksiko, kwa wazee wa Kizungu wenye kofia za vita vya Vietnam, kwa kila mtu. Kwa hiyo leo naandika, na atakayeniletea skrinshoti tena namtumia hii.

DHANA: Onlaini ni bei chee, dukani mnatulalia

Hii ndo inayonimaliza kabisa. Yule mdogo wetu nilimhesabia kwa kalamu nyuma ya risiti. Bastola 499. Kusafirisha 20, imekuwa 519. Kodi ya mauzo, hapa kwetu 8.25%, na Texas inatoza mpaka kwenye usafiri, hiyo ni 42.82. Mambo ya kukwepa kodi kwa kununua jimbo lingine yaliisha 2018, Mahakama Kuu ya Marekani iliposema muuzaji wa mtandaoni anaweza kulazimishwa kukusanya kodi hata kama hana duka jimboni kwako. Wengi wao ukilipa kwa kadi wanakuongezea 3%, maana ile bei uliyoona ni ya keshi, chukua 14.97 nyingine. Halafu haiji nyumbani kwako, inakuja kwa dila mwenye leseni, yaani mimi, na mimi nachukua 35 ya kukupokelea. Jumla 611.79. Ya kwangu 539 na kodi yake, keshi, 583.47, na unaondoka nayo leo fomu ikipita. Nani sasa anamlalia nani?

Akaniuliza, sasa hiyo 35 ya nini, si unapokea boksi tu? Kwanza sio mimi niliyetunga sheria. Zamani ilikuwa unaagiza bunduki kama unavyoagiza viatu, posta wanakuletea. Mwaka 1963 Lee Harvey Oswald alikata kuponi kwenye jarida, akaituma duka la Klein's kule Chicago kwa jina la uongo, na raifo ikatumwa kwenye sanduku la posta hapahapa Dallas. Miezi michache baadae Rais Kennedy akapigwa risasi kwa raifo hiyohiyo. Mwaka 1968 ikapitishwa sheria kwamba bunduki inayotoka jimbo moja kwenda kwa raia wa jimbo jingine lazima ipite kwa dila mwenye leseni ya serikali kuu. Na kwa kuwa tunaongelea bei, ile kuponi ilisema 19.95 lakini jamaa alilipa 21.45, maana 1.50 ilikuwa ya usafiri. Hata 1963 bei ya tangazo haikuwa bei ya kulipa!

Kwa hiyo hiyo 35 ndo ya mimi kuingiza namba ya bunduki yako kwenye daftari ambalo wakaguzi wa ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia bunduki, wanaweza kuja kulikagua, kukukalisha chini ujaze fomu 4473, ile ya mnunuzi, kukutafuta kwenye mfumo wa FBI kuona kama unaruhusiwa kununua, na kubaki na hilo boksi stoo likisubiriwa jibu. Nikikosea herufi moja ni leseni yangu, sio ya yule wa mtandaoni.

Na hii watu hawaiamini lakini nasema: bastola mpya ya kampuni kubwa, faida yetu ni ndogo kuliko unavyofikiria. Duka linaishi kwa risasi, holsta za kubebea bastola, mafuta ya kusafishia, na bunduki za mitumba. Ukiniambia 480 unaniomba nikulipe wewe uondoke nayo. Nilichomfanyia, nikamwongezea magazini moja ya kuwekea risasi na boksi la risasi za mazoezi, akalipa keshi, ingawa alitoka ananung'unika kidogo.

DHANA: Bei ya kwenye skrini haipungui hata senti

Na hawa nao wapo, wanyamavu, wanalipa tu. Umeshaona ile "weka kwenye kikapu ndo uone bei"? Au "piga simu upate bei"? Kiwanda kinampangia dila bei ya chini kabisa anayoruhusiwa kuitangaza, kwenye biashara tunaiita MAP. Inabana tangazo, sio mauzo. Dila akiandika chini ya hapo kwenye ukurasa wazi kiwanda kinaweza kumkatia mzigo, lakini kwa simu, mtu na mtu, anaweza kukupa chini ya hapo akitaka. Ndo maana maduka kumi yana bei ileile mpaka senti, watu wanadhani wamekula njama.

Kwa hiyo piga simu. Mi naamini simu, na katikati ya wiki asubuhi, sio Jumamosi mchana wakati foleni imefika mlangoni. Tafuta duka la kati au dogo ambalo anayepokea ana mamlaka. Zile kubwa za kitaifa unaongea na kijana wa huduma kwa wateja ambaye hata dola mbili hawezi kukupunguzia, utamwonea bure. Na usianzie nusu bei! Kariakoo ukianzia nusu unaonekana unajua soko, huku unakatiwa simu. Uliza hivi tu: "Mpaka ifike kwa dila wangu, kodi na usafiri ndani, nikilipa hivi, jumla ni ngapi?" Halafu nyamaza. Bei ya bunduki yenyewe labda isiguswe lakini usafiri unafutika, ile 3% inafutika, magazini ya ziada inaingia, na ukichukua viwili kwa pamoja ndo kabisa. Uliza pia kama wana iliyorudishwa, ya maonyesho, au modeli inayoachwa, hapo ndo kuna nyama.

Kwenye minada ya bunduki ya mtandaoni kama GunBroker ni habari nyingine, pale unashindana na watu wenye hamu. Usiangalie bei wanazoomba, angalia zilizokwisha kuuzwa. Mtu anaweza kuomba 900 mwaka mzima, haina maana yoyote.

DHANA: Shemeji yangu polisi, anunue yeye kwa bei yao nimrudishie hela

Hapana. Hapana tena. Punguzo la polisi lipo kweli, Glock, watengeneza bastola, wana mpango wao wa Blue Label kwa polisi, wanajeshi na wazima moto. Lakini kuna bwana Bruce Abramski wa Virginia, aliyewahi kuwa polisi, mwaka 2009 mjomba wake wa Pennsylvania alitaka Glock 19, akamtumia hundi ya dola 400, yeye akaenda kuinunua kwa punguzo la polisi na kwenye fomu akajaza kwamba mnunuzi halisi ni yeye. Mjomba hakuwa na kosa lolote, angeweza kuinunua mwenyewe kihalali. Kesi ikafika Mahakama Kuu, 2014, kura 5 kwa 4, akashindwa. Mtoto wa dada kapata rekodi ya jinai kwa sababu ya punguzo. Na sheria ya 2022 imeongeza makali, kumnunulia mtu aliyekatazwa kumiliki bunduki ni mpaka miaka 15 jela. Mi nikisikia tu mnanong'onezana kwenye kaunta "we jaza, hela ntakupa mimi", biashara imeisha, hata kama najua mnatoka kanisa moja.

DHANA: Nikikataliwa hela inarudi yote

Yaani umeagiza mtandaoni, halafu mfumo wa FBI ukakukatalia. Soma masharti ya aliyekuuzia. Wengi wanakata asilimia ya kurudisha mzigo, na ya kwangu ya kupokea ilishaliwa. Kama upo kwa viza ya shule au ya kazi, sheria ya serikali kuu inakukataza kuwa na bunduki isipokuwa kwa mambo machache, kwa hiyo jua hilo kabla ya kutafuta bei. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hana shida hiyo.

DHANA: Nasubiri Black Friday

Ile Ijumaa ya mapunguzo ya Novemba. Kwa risasi na vikorokoro sawa, subiri. Bunduki bei yake inakwenda na woga wa watu. 2013 raifo zilipanda bei wiki hadi wiki kwa hofu ya kupigwa marufuku, 2020 kabati zetu zilikuwa tupu na hakuna aliyepunguza kitu. Nunua wakati hakuna anayeongelea bunduki kwenye TV.

DHANA: Nimepata wa nusu bei, na analeta mpaka nyumbani

Huyo ni tapeli. Anataka utume hela kwa simu, Zelle au Cash App, au Bitcoin, kadi hataki, na akikwambia hahitaji dila jua hata duka hana. Omba nakala ya leseni yake uiangalie kwenye eZ Check, tovuti ya ATF ya kuhakiki leseni, ni bure, dakika moja. Kuna dada alituma 350 kwa Zelle, akaambiwa mzigo unakuja kwetu. Wiki tatu alikuwa anapiga simu kila asubuhi, saa nne kamili, kuuliza kama gari la mizigo limeshapita. Limeshapita dada. Hamna chako.