Msindano haunakiliwi kwa tawi

Ombi linalokuja mara nyingi kwenye maabara yetu kutoka Lushoto na Shume huwa lilelile. Mtu ana msindano mmoja shambani, umenyooka kama mlingoti, matawi membamba, na anataka miche elfu moja ya huohuo kwa njia ya tishu. Analeta tawi. Mgomba unakubali hivyo, mkonge unakubali: unachukua kichipukizi, unakiweka kwenye chupa, kinazaliana. Msindano uliokomaa haukubali. Tishu zake zimezeeka kwa namna ambayo maabara bado hazina njia ya kuaminika ya kuirudisha nyuma, na hata kipandikizi kinapotoa mizizi, mche mara nyingi hukua ukilala upande kama tawi lililosahau kuwa sasa ni mti.

Kinachonakilika ni kiinitete kilichomo ndani ya mbegu changa. Unamnakili mtoto, mama unamwacha msituni, na huyo mtoto hakuna anayejua atakuwa mti wa namna gani. Ukilielewa hilo, utaona kwa nini kazi yetu ina hatua nyingi na kwa nini nusu ya thamani yake iko kwenye mtungi wa nitrojeni, tunamogandisha tishu.

Kabla sijaendelea: mivinje ya ufukweni, hapa Tanga na hata Bagamoyo, haimo katika habari hii. Inafanana na misindano kwa mbali, lakini ni miti ya maua, na vile vikoni vyake si koni. Hapa nazungumzia Pinus patula, mzaliwa wa Meksiko, ule wenye sindano ndefu zinazoning'inia.

Maumbile yenyewe yametusaidia. Ndani ya mbegu moja ya msindano mayai kadhaa yanaweza kurutubishwa, na kila kiinitete hugawanyika tena katika viinitete pacha. Vyote hushindana, kimoja hushinda, vingine hufa. Tunachofanya maabara ni kuidaka mbegu wakati wa mgawanyiko huo na kuzuia mashindano yasiishe. Kwenye jamii ya miti ya koni jambo hilo lilifanikiwa mwaka 1985 kwa Picea abies ya Ulaya, ndugu wa msindano. Kwa Pinus patula, taarifa ya Afrika Kusini ilichapishwa mwaka 1993.

Shida ya kwanza ni tarehe. Chavua ikishatua kwenye koni changa, hupita takriban mwaka mzima kabla ya urutubishaji, kisha dirisha letu ni la wiki chache tu. Usiifuate kalenda ya nchi nyingine, wala ya shamba lililo mita mia tano chini yako. Chuma koni mbili tatu kila wiki, pasua mbegu, tazama kwa hadubini. Ukiona viinitete vidogo vyenye kichwa cheupe na mkia mrefu, hakuna hata kimoja chenye majani ya awali, huo ndio wakati. Ukikuta kiinitete kimoja kinene kimejaa nafasi yote, umechelewa. Hakuna homoni itakayokusaidia.

Koni zisafirishwe zikiwa za kijani, kwenye mfuko wa karatasi, ndani ya deli lenye barafu. Koni zilizofungwa kwenye nailoni kutoka Shume hadi Tanga mjini juani hufika zikiwa na ukungu kabla hujaanza kazi. Kwenye friji ya nyuzi 4 zinakaa wiki mbili hivi. Kabla ya kufungua, zioshe kwa sabuni, zizamishe kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika 10, kisha toa mbegu uziloweke dakika 15 kwenye jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa mbili za maji, pamoja na matone mawili ya sabuni ya maji. Suuza mara tatu kwa maji yaliyopita kwenye otoklevu, yaani chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua vijidudu. Ndani ya mbegu nzima huwa hamna vijidudu. Uchafu mwingi unaingia na kisu chako. Umeme ukikatika na kurudi, iache meza ya hewa safi ifanye kazi dakika 20 ikiwa tupu kabla ya kurudisha mikono.

Kuhusu chakula cha kuoteshea tishu, kosa la wengi ni kutumia MS, mchanganyiko wa chumvi wa Murashige na Skoog, kwa kuwa ndiyo iliyopo kabatini kwa ajili ya migomba. MS ina miligramu 1,650 za amonia nitrati kwa lita. Seli za msindano hugeuka kahawia humo. DCR, mchanganyiko mwingine uliotengenezwa kwa miti ya koni, ina 400. Kwa kila lita ya DCR tunaweka sukari gramu 30, inositoli miligramu 200, kasini iliyovunjwavunjwa miligramu 500, na homoni mbili: 2,4-D miligramu 2 na BAP miligramu 1. Rekebisha pH iwe 5.8, kisha ndipo utie Gelrite (unga wa kugandisha jeli) gramu 3, otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 20. Glutamini, asidi amino, miligramu 450 haipiti kwenye otoklevu, joto huivunja. Ipitishe kwenye chujio la mikromita 0.22 na uitie chakula kikiwa kimepoa hadi nyuzi 60. Usisubiri kipoe zaidi, Gelrite hushika haraka kuliko aga na utabaki na mabonge.

Ondoa ganda, weka kiini cheupe kizima juu ya chakula, ncha yenye tundu ikigusa. Giza, nyuzi 24. Lushoto kunapokuwa na baridi unaweza kufika hapo kwa shida ndogo. Tanga mjini bila kiyoyozi na jenereta chumba kitapanda hadi nyuzi 30 na zaidi mchana, na mbegu hazitatoa kitu.

Kati ya wiki ya pili na ya nane, kwenye ile ncha hujitokeza tonge. Hapa ndipo jicho linahitajika. Tonge tunalolitaka ni jeupe linaloangaza, lenye ute, likivutwa kwa koleo linatoka nyuzinyuzi. Likiwa gumu, la kijani au la kahawia, chembechembe kama unga wa muhogo, hilo ni kovu tu la jeraha: litakua haraka, litakufurahisha, na halitakupa mche hata mmoja. Ukiwa na shaka, chukua kipande kama punje ya mchele, tia tone la asetokamini, rangi ya maabara: vichwa vya viinitete hushika wekundu, mikia haishiki. Mbegu nyingi hazitatoa chochote, na tofauti kati ya mama mmoja na mwingine ni kubwa mno. Ndiyo maana tunachukua koni kutoka miti mingi.

Kila mbegu iliyotoa tonge ni ukoo wake. Ipe namba siku hiyohiyo na usiichanganye na nyingine hata kama zimetoka koni moja, kwani ni ndugu, wala hazifanani. Hamisha kwenye chakula kipya kila siku 14. Ukipitisha hadi siku 21, katikati kunakuwa kahawia na ukoo unaanza kupoteza uwezo.

Kukomaza viinitete ndiko kunakowashinda wengi. Koroga takriban miligramu 100 za tonge kwenye mililita 3 za DCR ya maji isiyo na homoni, yenye mkaa wa maabara kidogo, mwaga juu ya karatasi ya chujio, vuta maji kwa pampu, kisha weka karatasi juu ya chakula cha kukomaza. Mkaa hunyonya 2,4-D iliyobaki. Ukiruka hatua hiyo tonge litaendelea kunenepa bila kukomaza kitu. Kwa lita, chakula hicho kina sukari gramu 60, Gelrite gramu 9 hadi 10 na asidi ya absisiki, homoni ya kukomaza, miligramu 16, ambayo nayo inapita kwenye chujio na kutunzwa gizani. Ugumu wa jeli ni wa makusudi: kiinitete kinatakiwa kione kiu, kama kinavyoona ndani ya koni inayokauka. Jeli laini hutoa viinitete vilivyojaa maji, vya kioo, vinavyooza. Asidi ikipungua, vitachipua kabla ya wakati. Baada ya wiki 8 hadi 12 chagua vile vya rangi ya krimu vilivyo na taji la majani ya awali juu na ncha safi chini. Vile vyenye majani yaliyogandana viache, utapoteza chupa.

Uotaji hufanyika kwenye chakula kisicho na homoni, wiki moja gizani, kisha mwanga wa saa 16. Kiinitete kinachotoa shina bila mzizi ni malalamiko ya kila maabara. Mara nyingi chanzo chake ni kule nyuma, kwenye kukomaza, wala si kwenye uotaji.

Kutoka chupani, osha jeli yote mizizini maana sukari huita fangasi. Tumia magome ya msindano yaliyooza vizuri na mchanga, nailoni juu kwa unyevu wa karibu asilimia 100, uifungue kidogo kidogo kwa wiki tatu. Changanya pia sehemu moja kati ya kumi ya udongo kutoka chini ya misindano mikubwa. Mizizi ya msindano hutegemea kuvu rafiki, na mche uliowekwa kwenye udongo uliochemshwa tu husinyaa ukiwa na rangi ya zambarau, njaa ya fosforasi, hata ukimwagia mbolea.

Sasa turudi kwa mtoto usiyemjua. Miche ya kila ukoo lazima ipandwe majaribioni kwa miaka 6 hadi 8 ndipo uone umbo lake. Ukoo wenyewe hauwezi kungoja kwenye sahani muda huo, utachoka. Kwa hiyo siku unapotoa miche, sehemu ya tonge inalowekwa kwenye sobitoli ya moli 0.4 kwa saa 24, inatiwa DMSO, kimiminika kinachokinga seli zisipasuliwe na barafu, ya asilimia 5 juu ya barafu, inapoozwa kwa nyuzi 0.3 kila dakika hadi -40, kisha inazamishwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, -196. Mtungi unaotosha ni kama ule wanaotumia wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe, na hatari yake ni ileile: nitrojeni ikiisha bila mtu kujua, kila kitu kimekufa. Gawa kila ukoo kwenye mitungi miwili, majengo mawili.

Na usiingize ukoo mmoja shamba zima. Vidukari vya misaipresi vilivyoenea Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980 vilikausha miti iliyotokana na mbegu, yenye tofauti zake. Miti pacha ingeanguka kwa pamoja.

Kwa kitalu cha kijiji, ninashauri kutokujenga maabara. Nunua miche michache ya koo zilizopimwa, ipande kama uzio, ikate ibaki na urefu wa sentimita 30 hivi, na uchukue vipandikizi vya sentimita 7 hadi 10 kila vinapochipua. Vitatoa mizizi vikiwa bado vichanga. Uzio ukifika miaka mitatu hivi, uzee unaanza kuonekana kwenye mizizi. Ung'oe, uanze na miche mipya kutoka mtungini.