Kuhamishia samaki na mawe hai kwenye tangi kubwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Maji ya zamani ndiyo uhai wa tangi, usiyamwage." Ukishatangaza tu kwamba unahamia tangi kubwa la maji chumvi, kauli hii ndiyo itakayokupokea. Watu wanajaza ndoo kwa ndoo, wanabeba hadi tone la mwisho, wakiamini wanaokoa bakteria.

Bakteria hawaogelei humo majini kwa wingi wa kutegemewa. Wale wanaogeuza amonia, sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki, kuwa naitriti, na wengine wanaogeuza naitriti kuwa naitreti, huishi wamejibandika mahali: ndani ya matundu ya mawe hai (mawe ya baharini yaliyojaa viumbe), kwenye punje za mchanga, kwenye sponji ya filta, hata kwenye kioo. Ukimwaga maji yote ukaweka mapya yenye joto na chumvi ileile, bakteria uliopoteza ni wachache mno. Ukiyabeba yote, umehama pia na naitreti na fosfeti ambazo pengine ndizo zilizokuwa zikikuletea mwani. Mimi huteka maji ya juu, yaliyo safi, kabla sijagusa jiwe hata moja. Hayo ndiyo ya kujaza ndoo za samaki na mapipa ya mawe. Ya chini, yenye vumbivumbi, yanamwagwa.

Kuhusu maji mapya, wengi huamini kwamba chumvi ikishayeyuka basi mambo tayari. Hapana. Yaache yazunguke na pampu na hita hadi kesho yake, kisha upime: joto nyuzi 25 hivi, chumvi gramu 35 katika kila kilo ya maji, ambayo kwenye kipimo cha uzito wa maji husomeka kama 1.025 au 1.026. Na kama ni maji ya bomba, kuyaacha wazi usiku kucha kunaweza kuondoa klorini, lakini kloramini, mchanganyiko wa klorini na amonia, haiondoki hivyo. Tumia dawa ya kuivunja au, vizuri zaidi, maji yaliyochujwa kabisa.

Sasa tuje kwenye mawe, maana hapa ndipo pana maafa mengi. Husemwa kwamba jiwe ni jiwe, likikaa nje saa mbili tatu chini ya taulo lenye maji halitadhurika. Bakteria kweli watavumilia wakibaki na unyevu. Lakini jiwe hai halina bakteria peke yao. Lichukue mkononi uligeuze upande usioona mwanga: utakuta minyoo iliyojijengea vijumba vyeupe kama vipande vya uzi mgumu, konokono wadogo kuliko punje ya mchele, na sifongo, wanyama laini wa baharini wa rangi ya njano au kijivu, zimejipenyeza kwenye nyufa. Sifongo nyingi hazipendi hewa kabisa. Hewa ikiingia kwenye vijitundu vyake hunasa humo, maji hayapiti tena, na sehemu hiyo hufa. Siku mbili baadaye, pale palipokuwa na njano pana utando mweupe unaonuka, na amonia inapanda kwenye tangi uliloliona linang'aa. Kwa hiyo mawe yakae ndani ya maji chumvi muda wote, kwenye pipa lenye pampu na hita, na yatoke hewani kwa dakika chache tu za kuyapanga. Ukiliinua jiwe, liache lichuruzike juu ya ndoo na utazame matundu yake. Samaki wadogo na kamba hujificha humo kimya kabisa, na inauma kumkuta mmoja sakafuni amekauka.

Halafu mchanga. "Hamisha na mchanga wako, una bakteria." Niliwahi kuufuata ushauri huu neno kwa neno. Nilikuwa na mchanga wa kina cha vidole vinne uliokaa miaka kadhaa bila kuguswa. Nilipouchota, tabaka la chini lilitoka jeusi, na harufu ya yai bovu ikajaa chumba. Niliumimina hivyohivyo kwenye tangi jipya, nikijiambia maji yatatulia. Kufikia asubuhi samaki wawili walikuwa wanahema kwa kasi karibu na uso wa maji, na kamba alikuwa amelala ubavu. Sijasahau ule ubavu wake mwekundu.

Weusi ule na harufu ile hutoka mahali pasipo na oksijeni, ambako gesi ya salfidi hidrojeni hutengenezwa, na pamoja nayo kuna uchafu wa miaka unaooza. Ukitulia chini hausumbui mtu. Ukitibuliwa wote kwa mara moja ni sumu. Siku hizi natumia mchanga mpya uliooshwa. Wa zamani nikiuhitaji, nauosha kwa maji hadi yatoke meupe, hata kama bakteria wake watakufa. Mawe yanatosha kushika kazi. Na mawe yakae juu ya kioo cha chini kwanza, mchanga ufuate kuyazunguka, la sivyo samaki wachimbaji watayafukua misingi yaanguke.

Wapo wanaoanza kwa kuwakimbiza samaki na wavu katikati ya mawe, kwa nia njema ya kuwatoa mapema. Toa mawe kwanza, punguza maji, nao watashikika kwa utulivu bila kujichubua.

Je, kuwadondoshea maji mapya kidogo kidogo kwa saa nyingi ni salama zaidi? Kwa kamba na kiti cha pweza, wanaoumizwa haraka na mabadiliko ya chumvi, ndiyo, wape muda. Kwa samaki ambaye chumvi na joto vya pande zote mbili vimelingana, kumweka saa nne kwenye ndoo ni kumwacha kwenye amonia anayoitoa mwenyewe. Linganisha maji ya tangi jipya na ya zamani siku moja kabla, na kazi hii inakuwa fupi.

"Tangi limekuwa kubwa, leo naongeza samaki sita." Ukubwa wa maji hauongezi bakteria. Waliopo wanalingana na chakula kilichokuwa kinaingia kwenye tangi la zamani, tena wengine wameyumba kwa safari. Hamisha wale wale uliokuwa nao, lisha kidogo, na subiri wiki kadhaa. Hata hao wa zamani wanaweza kupigana, kwa sababu mipaka yao imefutika. Mbabe wao mwingize mwisho. Matumbawe nayo yaanze na mwanga hafifu kama taa mpya ni kali kuliko zile za zamani.

Pima amonia kila siku kwa wiki ya kwanza, hata maji yakiwa maangavu kama hewa, kwa kuwa amonia haionekani, na katika pH (kipimo cha uasidi) ya maji ya bahari, kama 8.2, sehemu yake yenye sumu ni kubwa kuliko ingekuwa kwenye pH ya 7. Kipimo kikionyesha chochote, badilisha robo ya maji siku hiyohiyo. Ndiyo maana kabla sijatoa jiwe la kwanza huwa tayari nina pipa la pili la maji chumvi, lenye joto, likizunguka kando ya tangi jipya.