Mtetezi wa umma si wakili wa serikali

“Usimwambie yote, huyo ni wakili wa serikali.” Onyo hili huzunguka miongoni mwa Waswahili walioko Marekani, na linawaumiza watu. Anayesemwa ni mtetezi wa umma, yaani wakili ambaye mahakama humpa mshtakiwa asiye na uwezo wa kujilipia. Katika kesi za jinai za shirikisho, zile zinazotokana na sheria za nchi nzima na si za jimbo moja, kazi yake ni kumtetea mshtakiwa huyo. Maana ni hiyo tu. Kinachowachanganya watu ni mshahara wake, unaotoka serikalini.

Kwa Mtanzania, wakili wa serikali ni yule anayeiwakilisha Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Marekani naye yupo: ni mwendesha mashtaka wa shirikisho, yuko chini ya Wizara ya Sheria, na mkuu wake katika wilaya ya mahakama kwa kawaida huteuliwa na Rais. Mtetezi wa umma hatoki huko. Fedha za ofisi yake hupitishwa na Bunge, ni kweli, lakini huingia kwenye fungu la Mahakama. Mkuu wa ofisi hiyo huteuliwa kwa miaka 4 na mahakama ya rufani ya kanda, wala si na majaji wa wilaya ambao mawakili wake husimama mbele yao kila siku. Kwa hiyo jaji unayemwona akiendesha kesi hana uwezo wa kumnyima kibarua mkuu huyo kwa sababu tu ofisi yake imembishia.

Hata malipo yenyewe yalichelewa sana. Marekebisho ya Sita ya Katiba, ya mwaka 1791, yalimpa mshtakiwa haki ya kusaidiwa na wakili bila kutaja nani alipe. Mwaka 1938, katika kesi ya Johnson v. Zerbst, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama ya shirikisho haiwezi kumfunga mtu asiye na wakili, isipokuwa kama ameiacha haki hiyo mwenyewe huku akijua anachokiacha. Hapo majaji wakawa wanateua mawakili, na mawakili wakawa wanatetea bila ujira. Sheria ya kuwalipa ilikuja 1964, na ofisi za watetezi wa umma wa shirikisho zikaruhusiwa kwa marekebisho ya 1970. Malipo yaliwekwa ili maskini apate utetezi wa kweli, na leo malipo hayohayo ndiyo yanayomfanya amkimbie mtetezi wake!

Mahakama ya Juu ililigusa jambo hili 1981, katika kesi ya Polk County v. Dodson iliyotoka Iowa. Mteja alimshtaki mtetezi wa umma kwa madai kwamba ametenda kwa mamlaka ya serikali. Majaji wakakataa: mtetezi anapofanya kazi ya uwakili kwa mteja wake, anasimama dhidi ya serikali hata kama ndiyo inayomlipa.

Siri ya mteja inalindwa kwake kama inavyolindwa kwa wakili wa kulipwa mfukoni. Mgeni asiye raia ana sababu zaidi ya kumfungukia kuhusu hati zake, kwa kuwa tangu uamuzi wa Padilla v. Kentucky wa 2010 wakili wa utetezi anapaswa kumweleza kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. (Kwenye mahakama ya uhamiaji mambo ni mengine, huko hakuna haki ya jumla ya kupewa wakili anayelipwa na serikali.)

Basi ndugu unayemtafsiria mzazi au jirani, mwambie “huyu ni wakili wako, umepewa na mahakama”. Wakili wa serikali ni yule wa upande wa mashtaka. Huyo ndiye wa kutomwambia neno kabla wakili wako hajafika.