JDM: shida iko kwenye herufi ya katikati

Juzi nimesimama kwenye mataa, pembeni yangu ikasogea Honda Civic iliyoshushwa hadi bampa inakaribia kulamba lami. Rimu nyeupe, ekzosi inayokoroma, na kwenye buti stika kubwa ya herufi tatu: JDM. Karibu nayo, jani la rangi ya kijani na njano. Dereva akanipungia mkono, vile tunavyopungiana sisi tunaojuana kwa magari bila kujuana majina. Nikampungia. Kisha nikaona usukani wake uko kushoto, wakati magari ya kuuzwa Japani huwa nao kulia, na taa ikawaka kijani kabla sijasema kitu. Kwa hiyo nasemea hapa.

JDM ni Japanese Domestic Market, yaani soko la ndani la Japani. Gari la JDM ni lile lililotengenezwa ili auziwe mnunuzi aliyeko Japani, kwa kanuni za Japani. Basi. Neno halijabeba zaidi ya hilo.

Tatizo ni kwamba watu hushika J wakaachia D. Wakisikia Japani, kila Toyota na kila Mazda inakuwa JDM, na ikifungwa springi fupi inakuwa JDM zaidi. Lakini uzito wote wa neno uko kwenye hiyo D. Domestic imetoka kwenye Kilatini, domus, nyumba. Kiswahili kimelitafsiri vizuri bila kujisumbua: soko la ndani. Ukisema ndani, lazima kuwe na nyumba na lazima kuwe na nje. Gari lililoundwa kwa ajili ya wa nje, hata kama lina damu moja na ndugu zake waliobaki, halikukaa humo ndani.

Wala si suala la kiwanda kilipo. Camry iliyounganishwa Kentucky ili iuzwe Marekani ni Toyota kamili, ila si JDM. Kinyume chake kinafurahisha zaidi: Civic Type R iliyotoka mwaka 2017 iliunganishwa Swindon, Uingereza, na zile zilizopakiwa melini kwenda kuuzwa Japani zilikuwa za soko la Japani. Wajapani wenyewe wana maneno mawili hapa, na wanayatenganisha vizuri kuliko sisi. Kokusansha ni gari lililozalishwa nchini mwao. Gyakuyunyusha ni gari la kampuni yao lililoundwa ng'ambo kisha likaagizwa kurudi nyumbani. Sisi tuna herufi tatu, na hata hizo tunazichanganya.

Mfano ninaoupenda ni Nissan Silvia ya umbo la S13. Marekani waliuziwa gari la umbo hilohilo kwa jina la 240SX, likiwa na injini ya lita 2.4 isiyo na turbo. Japani walipata injini ndogo zaidi zenye turbo, ikiwemo ile SR20DET ambayo vijana wanaitaja kama jina la mtume. Sasa mwenye 240SX anaagiza SR20DET, anaifunga, na gari linapaa kweli. Je, limekuwa JDM? Injini ni JDM. Gari bado ni lilelile la Marekani, limeazima moyo. Hakuna aibu yoyote katika hilo, na mimi mwenyewe ningelichukua hata leo.

Kuna pia imani kwamba JDM maana yake ni kali zaidi. Mara nyingine ndivyo. Lakini tazama Supra ya miaka ya 1990, ile JZA80 yenye turbo mbili: ya Japani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, na ya Marekani 320. Watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana, bila sheria yoyote kuwalazimisha, kwamba hawatatangaza zaidi ya 280, na makubaliano hayo yalidumu hadi mwaka 2004. Zaidi ya hapo, magari yao ya nyumbani yalifungwa kizuizi cha mwendo kwenye kilomita 180 kwa saa. Nissan Skyline GT-R ya umbo la R34, mnyama yule, imezaliwa na hatamu mdomoni.

Ukitaka kujua, usitazame stika. Usukani wa kulia pekee hautoshi, maana hata Uingereza na Australia wanauweka huko. Fungua boneti utafute kibao na namba ya chasisi. Ya Japani huanza na msimbo wa muundo, tuseme BNR34 au JZX100, kisha kistari, kisha namba ya mfuatano. Ya kwenda nje kwa kawaida ni mlolongo wa herufi na tarakimu 17. Halafu inama ndani ya gari, upande wa miguu ya abiria, uangalie kishikio cha fimbo nyekundu ya moto wa tahadhari. Sheria ya Japani inataka gari liwe na kifaa cha tahadhari cha namna hiyo. Mwenye gari lililopitia mikono mingi mara nyingi hajui hata kile kishikio ni cha nini.

Kwa kipimo hicho, Toyota Probox, lile sanduku la kubebea mizigo ambalo hakuna anayelipiga picha, likitoka Japani ni JDM kuliko nusu ya magari tunayogeukia shingo barabarani. Najua inauma.

Na lile jani. Linaitwa wakaba, jani changa, na Japani wamelitumia tangu mwaka 1972. Dereva aliyepata leseni karibuni anatakiwa kulibandika mbele na nyuma kwa mwaka wake wa kwanza, ili wengine wamvumilie. Ni kama ndugu wa ile L ya wanaojifunza, kwa adabu ya Kijapani. Limegeukaje kuwa alama ya mabingwa, sijui niseme nini. Ila kila nikiliona kwenye gari lililopigwa mashine kwelikweli huwa naliachia nafasi, kama linavyoomba.

Ndugu yangu wa Civic ya rimu nyeupe, kazi yako ni safi na ule mshono wa bampa nimeuona. Gari lako ni Civic ya nje iliyotengenezwa vizuri, liite hivyo bila kusita. Kama injini imetoka Japani, tukikutana tena fungua boneti, tuisome pamoja. Jani unaweza kulibandua mwaka ukiisha.